Kawa la Samaki wa Rukaya

Sadala Mdoe alikuwa kinyozi mzuri, na hilo hata mahasimu wake wa bao walilikubali. Kwa mengine, hasa kutunza kitu chenye uhai, mtaa mzima ulikuwa na mashaka naye. Alifuga kuku, wakaisha. Alinunua mbuzi wa sikukuu, mbuzi akakata kamba na kurudi kwa aliyemuuza, na huko akagoma kutoka. Hata ule mshubiri wa mlangoni pa saluni yake, mmea ambao watu huusahau mwaka mzima na bado unanawiri, kwake ulikauka. Sadala alicheka pamoja na wanaomcheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Lakini alikuwa na miaka arobaini na moja, hana mke, na kicheko hicho kilikuwa kimeanza kumchosha.

Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na saluni yake pale Korogwe, alikaa Rukaya na cherehani yake. Alikuwa mjane, mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi, na kwa mwaka mzima Sadala alimpelekea suruali zisizo na kasoro ili zipunguzwe kiuno, kisha akazirudisha ziongezwe. Rukaya alizipunguza na kuziongeza bila kuuliza. Mwishowe Ramadhan, muuza kahawa wa pale pembeni, alichoka kutazama mchezo huo akajitolea kuwa mshenga. Barua ya posa ikapelekwa Mombo kwa Mustapha, kaka yake Rukaya. Mustapha akaisoma, akasema dada yake si mtoto, atajibu mwenyewe.

Siku tatu zikapita bila jibu. Siku ya nne asubuhi, Sadala akiwa anapiga deki saluni, alimwona Rukaya anavuka barabara amekumbatia mtungi wa kioo wenye mdomo mpana. Ndani ya maji kulikuwa na samaki mmoja tu, wa buluu iliyokolea, mkia wake umejikunja kama pindo la gauni la harusi.

"Habari za asubuhi, kaka Sadala."

"Nzuri, dada Rukaya. Karibu ndani."

"Sikai. Mdogo wangu wa Mombo kajifungua jana, naenda kumwangalia mpaka arobaini yake iishe. Huyu siwezi kwenda naye. Nilimnunua Dar nilipokwenda kufuata vitambaa, wanamwita beta. Naomba unitunzie."

Sadala akapokea mtungi kwa mikono miwili kama anayepokea mzigo wa heshima. Rukaya akamweleza: chembe mbili za chakula asubuhi, mbili jioni, zisizidi. Maji yabadilishwe nusu kila baada ya siku chache, na yawe yamelala kwenye ndoo tangu jana yake. Asiwekwe na samaki mwingine, kwa kuwa ni mgomvi. Alipofika mlangoni alisimama kidogo kama mtu aliyesahau neno. Halafu akaaga na kwenda zake stendi.

Ramadhan alikuwa amesikia yote. Akaweka birika chini.

"Nimeozesha watu kumi na mmoja, Sadala, na jibu kama hili sijawahi kuliona. Unajua hicho ulichoshika ni nini?"

"Samaki."

"Mtihani. Mwanamke ana barua yako, badala ya kusema ndiyo au hapana anakuletea kiumbe ukitunze siku arobaini. Habari za kuku na mbuzi zimemfikia. Akirudi akikuta samaki mzima, una mke. Akikuta amekufa, uanze kushona suruali zako mwenyewe."

Maneno hayo yalifika sokoni kabla ya adhuhuri. Kufikia jioni mtaa wote ulikuwa unamwita samaki yule Mtihani, na watu waliokuja kunyolewa waliuliza kwanza hali yake ndipo wakauliza hali ya kinyozi. Sadala alijibu kwa mbwembwe, lakini ndani ya kifua moyo ulikuwa hautulii. Alimtaka Rukaya. Alimtaka kwa namna ambayo ilimfanya mtu wa maneno mengi kama yeye akose la kusema mbele yake, na sasa matumaini yote yalikuwa yanaogelea ndani ya mtungi.

Akaamua kumtunza samaki kama mgeni, na hapo ndipo alipokosea.

Sadala alizaliwa Kwamsisi, kule Handeni, na enzi za utoto wake maji yalifuatwa mbali, kichwani au kwenye baiskeli. Nyumbani kwao mgeni hakuwekewa maji nusu chombo. Mama yake alikuwa akimwambia kwamba ukimwekea mgeni maji pungufu umemwambia ameongeza mzigo, basi jaza mpaka ukingoni, na yakimwagika matone mawili matatu ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo Sadala alipoona maji ya Rukaya yameishia vidole vinne chini ya mdomo wa mtungi, alimwonea samaki huruma. Akaongeza maji ya ndoo mpaka yakawa sawa na ukingo, yanatetema.

Tena, kwa kuwa mgeni haachwi peke yake, akamweka mezani mbele ya kioo kikubwa cha saluni. Samaki alipojitazama akadhani kuna mwenzake. Akatunisha mashavu, akatandaza mapezi yote, akamvamia yule wa kiooni. Wateja wakafurahi. Mtoto mmoja aliyekuwa akililia mashine ya kunyolea alinyamaza kabisa akamwangalia samaki mpaka kichwa kikaisha. Sadala akaona ameanza vizuri.

Siku ya sita, Jumamosi mchana, alikuwa akimnyoa Yordani. Huyu alikuwa mkulima wa Vugiri aliyeshuka na magunia ya kabichi kila wiki, mtu mtaratibu ambaye huko mlimani alikuwa na bwawa la perege. Nywele zake zilikuwa za miezi miwili, zikaanguka chini kwa mafungu. Sadala alikuwa akisimulia habari za mbuzi, mashine inanguruma, na hakuna aliyesikia kitu. Alipomaliza akamfuta Yordani shingo, akashika ufagio, akaanza kukusanya nywele kuelekea mlangoni.

Fungu moja likajisogeza lenyewe.

Sadala akadhani ni upepo. Akalisukuma tena. Likaruka. Akageuka kutazama mtungi, akaona maji yanatikisika na ndani hamna mtu. Akapiga magoti, akapekua nywele kwa vidole, na katikati ya nywele za Yordani akamkuta Mtihani, amevaa manyoya mwili mzima kama kifaranga.

"Usimshike kwa mkono mkavu," Yordani alisema, amesimama na kitambaa bado kipo shingoni. "Lowesha kwanza."

Sadala akachovya mikono mtungini mwenyewe, akamwinua, akachota maji yale yale kwenye bakuli na kumsuuza taratibu. Nywele zikatoka moja moja. Samaki akalala ubavu, akafungua mdomo, akafunga, akafungua. Ilipita dakika ambayo Sadala hakusema neno, na Yordani alikuja kusimulia baadaye kwamba hicho ndicho kilichomtisha kuliko samaki. Kisha mkia ukapiga maji mara moja, halafu tena. Upande mmoja wa mkia ulikuwa umechanika.

"Mzima," alisema Yordani. "Ila huyo ameshajua njia. Atarudia."

Sadala hakungoja arudie. Aliporudisha samaki mtungini alichukua sahani ya bati, ile ya maua ambayo mama yake alimpa alipohamia mjini, akaifunika juu. Ilikaa vizuri, nzito, haina mwanya. Usiku huo alilala fofofo.

Jumapili alifungua saluni akamkuta Mtihani amening'inia wima, pua imegusa sahani, rangi imefifia, mdomo unatafuta kitu ambacho hakipo. Chakula cha asubuhi hakukitazama. Sadala akakaa kitini pa wateja, akamwangalia. Ndipo akakumbuka. Siku zote zile kabla ya kumfunika, kila baada ya muda samaki alikuwa akipanda juu, anagusa uso wa maji, anameza funda la hewa na kushuka. Yeye alikuwa akiwaambia wateja kwamba anamsalimia. Kumbe alikuwa anapumua.

Akaivua sahani mbio. Mtihani akapanda, akameza hewa, akashuka, akapanda tena. Sadala akampigia simu Yordani kumweleza.

"Perege wangu hawana habari na hewa ya juu," Yordani alisema, "lakini kila samaki ana yake. Sasa tazama. Ukimfunika bila hewa anakufa, usipomfunika anaruka. Na ukimjazia maji mpaka juu umemwekea ngazi. Maji yalikuwa yanafika wapi ulipopewa?"

Sadala akainama kuutazama mtungi. Kwenye kioo, vidole vinne chini ya ukingo, palikuwa na mstari mweupe wa chumvichumvi umezunguka kote, pale maji ya Rukaya yalipokuwa yakisimama miezi yote. Alikuwa ameupita tangu siku ya kwanza kwa sababu ya heshima. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, kwa kuwa alikuwa amemwona mwanamke yule mchoyo wa maji na kujiona yeye mkarimu.

Akachota maji mpaka yakashuka kwenye mstari. Akauhamisha mtungi kutoka mbele ya kioo akauweka kwenye rafu ya pembeni, mahali ambapo samaki hakuwa na wa kugombana naye. Akatia kishada cha magugumaji aliyoletewa kutoka mtoni ili apate pa kujificha. Na juu akafunga kipande cha chandarua kwa raba.

"Umemlaza hospitali?" Ramadhan aliuliza alipokiona kile chandarua.

Chandarua kilikuwa kinalegea na kuchovya maji, na kweli kilifanana na kitanda cha mgonjwa. Sadala hakutaka Rukaya arudi akute mambo hayo. Alitaka kifuniko chepesi, kinachopitisha hewa, ambacho samaki akikigonga hakimuumizi. Alilifikiria jambo hilo huku akinyoa vichwa vitatu, na kufikia cha nne akawa amepata: kawa la ukili. Yale ya sokoni yote yalikuwa ya kufunikia masinia, makubwa mno. Akachukua uzi, akapima mdomo wa mtungi, akafunga fundo.

Jumatatu saluni haikufunguliwa. Sadala alipanda basi la asubuhi mpaka Handeni, akadandia pikipiki mpaka Kwamsisi, akamkuta mama yake, Bi Mwanaidi, barazani anasuka ukili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nataka kawa dogo, la kumfunikia samaki."

"Samaki wa kukaanga au wa kuchemsha?"

"Mzima, mama. Wa kutazama."

Bi Mwanaidi akaacha kusuka. "Mwe. Samaki mzima, wa kutazama, na anafunikwa kawa. Mjini mnaishi vipi huko?"

Sadala akaona hana budi kusimulia yote, tangu suruali mpaka barua, tangu maji ya ukingoni mpaka sahani ya bati. Mama alisikiliza bila kumkatiza, ila pale kwenye nywele za Yordani alijifunika uso kwa kanga na mabega yakatikisika. Alipomaliza kucheka akaomba uzi. Akauangalia, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Alitoka na kitu kilichofungwa kwenye kanga kuukuu.

Ndani ya kanga kulikuwa na kawa ambalo halijamalizwa. Bi Mwanaidi alikuwa amemsukia kila mwanawe wa kiume kawa la harusi, la zambarau na kijani, na kaka zake Sadala wote wanne walikuwa wameshakula chakula kilichofunikwa kwa makawa hayo. La Sadala lilianzwa miaka kumi na tano iliyopita. Wiki tatu kabla ya ndoa, wazazi wa binti walirudisha mahari, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amempenda dereva wa lori. Msukaji wa kawa huanza na kilele, kisha hushona ukili kuzunguka, mzunguko juu ya mzunguko, likipanuka mpaka litoshe sinia. La Sadala lilikuwa limeishia pale lilipokuwa siku habari ilipofika, dogo, limechongoka, mkia wa ukili unaning'inia pembeni bila kushonwa.

Mama akazungusha uzi kwenye ukingo wake. Ncha ya uzi ikakutana na fundo.

"Sikuweza kulifumua," alisema, "na sikuweza kulimaliza. Kila nikilishika mkono unagoma."

Sadala akalitazama kawa lile. Alikuwa hajui kwamba lipo. Miaka kumi na tano alikuwa akifanya mzaha wa ukapera wake kila akija nyumbani, na mama alikuwa akicheka, kumbe kitu hiki kilikuwa kimefungwa kwenye kanga chumbani.

"Chukua. Lakini nakuazima, sikupi," alisema Bi Mwanaidi. "Huo mkia usiukate."

Kawa likakaa juu ya mtungi kama lilipimwa kwa ajili yake. Hewa ilipita katikati ya ukili, mwanga ukaingia kwa chini, na Mtihani akarudisha rangi yake. Siku ya ishirini na moja Sadala alisikia kishindo kidogo juu ya rafu, *tu*, na kawa likatikisika. Samaki alikuwa ameruka, amegonga ukili laini, amerudi majini. Sadala alifurahi mpaka akamnyoa Ramadhan bure, jambo ambalo Ramadhan aliliongelea wiki nzima.

Rukaya alikuwa akipiga simu kila Ijumaa.

"Samaki hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Ni hayo tu. Habari za nywele na sahani hakuzitaja, na kila Ijumaa alipokata simu alijisikia mdogo. Ramadhan alimwambia mkia umeshaanza kuota, hakuna atakayejua, na mshenga mzoefu akikushauri unyamaze unanyamaza. Mtaa wote ulikubaliana na Ramadhan. Watu walishampenda samaki, na walitaka harusi.

Siku ya arobaini na mbili Rukaya alishuka kwenye basi na begi lake, na kabla ya kufungua duka lake akavuka barabara. Ramadhan akahamishia birika karibu na mlango. Sadala alikuwa amevaa shati aliloshonewa na Rukaya mwenyewe, na alikuwa amepanga maneno mazuri tangu alfajiri. Alipomwona yakamtoka yote, yakabaki yale ambayo hakuyapanga.

"Aliruka," alisema. "Siku ya sita. Nilimjazia maji mpaka juu na nikamweka mbele ya kioo, akaruka akaangukia kwenye nywele, nikataka kumfagia. Halafu nikamfunika kwa sahani akakosa hewa. Makosa yote ni yangu. Kila Ijumaa ulivyoniuliza sikukwambia, kwa sababu niliogopa nimeshindwa mtihani."

Nje, Ramadhan alishika kichwa.

Rukaya akaweka begi chini. "Mtihani gani?"

"Si ulinipa samaki badala ya jibu?"

Rukaya akaanza kucheka, kicheko ambacho Sadala hakuwahi kukisikia katika mwaka mzima wa suruali. "Mimi nilikuletea samaki kwa sababu duka lako ndilo pekee mtaa huu lisilo na paka. Mdogo wangu ana watatu."

Akasogea kwenye rafu, akainama kutazama mkia. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Huu mchaniko wa huku ndio wako. Huu wa upande wa pili, uliopona, ni wangu. Aliruka kwangu mara mbili. Mara ya kwanza nilimkuta chini ya cherehani, nimeshamkanyaga mkia. Ndiyo maana nikashusha maji. Nilitaka kukwambia siku ile pale mlangoni, nikaona haya. Nilisema ukijua ni mrukaji hutampokea, na utaniona sijui kutunza kitu."

Sadala, ambaye angeweza kuongea na jiwe, alisimama tu akitabasamu.

Ndipo Rukaya akalishika kawa. Aliligeuza kwa vidole vya fundi, akapapasa mishono, akafuata mkia wa ukili mpaka mwisho wake.

"Kazi ya nani hii?"

"Ya mama."

"Mishono yake haionekani. Lakini halijaisha. Kwa nini aliliacha hapa?"

Sadala angeweza kusema lolote. Akamwambia lilikuwa kawa la nini, lilianzwa lini, na mkono wa mama yake uligoma siku gani.

Rukaya hakusema pole. Alilishika kawa lile kifuani kidogo, halafu akavuka barabara nalo, akafungua duka lake, akakata kipande cha lesi nyeupe, akakitia lastiki kwenye cherehani, akarudi. Lesi ikakaa kwenye mdomo wa mtungi vizuri, imekaza, ina matundu ya hewa kote. Mtihani akapanda, akameza funda lake, akashuka. Kisha Rukaya akamkabidhi Sadala kawa kwa mikono miwili.

"Samaki ameshapata la kwake," alisema. "Hili mrudishie mama. Mwambie amalizie."